Sahani Inayozama Mbele ya Watu

Saa sita mchana, jua likiwa utosini, mwanamke mmoja amepiga magoti ukingoni mwa gati na anashusha sahani ziwani. Ni mfuniko wa sufuria uliopakwa rangi nyeupe na nyeusi, umetobolewa katikati na kufungwa kamba yenye mafundo. Akina mama waliokuja kuchota maji wameziacha ndoo zao na kumzunguka.

"Bado mnaiona?"

"Bado!"

Fundo la kwanza linapita vidoleni mwake.

"Na sasa?"

"Kama kivuli hivi..."

Fundo la pili halijagusa maji, na sahani imeshamezwa na ukijani.

"Imekwenda!" wanapiga kelele, wengine wakicheka.

"Na ndiyo hayohayo tunayopikia," anasema dada mmoja. Kicheko kinakatika.

Hapa gatini mwanamke mwenye kamba anaitwa Mama Sahani. Kwa zaidi ya miaka kumi amekuwa kibarua wa maabara ya maji. Hupanda boti, hushusha sahani ya ofisi, hujaza chupa kwenye vituo vilivyopangwa, kisha huzipeleka maabara. Sahani ikipotea mapema, maji yamejaa vijimea, vile vidogo ambavyo jicho halioni kimojakimoja bali huona rangi yake tu. Alipoanza kazi, katika ghuba hii sahani ilishuka hadi fundo la saba.

Mwaka jana kituo cha ghuba kilifutwa kwenye ratiba. Humo ndimo vilimo vizimba vya samaki vya tajiri mmoja, na humo ndimo bomba linamovuta maji ya mtaa anaoishi Mama Sahani. Mama Sahani aliagizwa apime katikati ya ziwa tu, ambako maji yanang'aa kama kioo.

"Nilimwambia msimamizi wangu, bosi, mgonjwa anaumwa kichwa, sisi tunampima kisigino!"

Tangu hapo ombi la mtaa la kutaka bomba lisogezwe limekwama. Kamati ya maji inataka ushahidi, na ushahidi haupimwi tena. Mtoto wa mwisho wa Mama Sahani, mwenye tumbo lisilotulia, anakunywa kutoka bomba hilo.

Alijaribu kupeleka ushahidi mwenyewe, akaharibu. Alichota chupa moja ya maji ya ghuba, akaiweka dirishani jikoni mpaka zamu yake ifike. Siku tatu chupa ilipigwa na jua. Alipoifikisha maabara ilikuwa kijani kama mboga iliyosagwa.

"Msimamizi akaitazama, akaniambia, 'Mama, haya hujayachota, umeyalea.' Na alikuwa na haki! Mimi ndiye ninayewafundisha wenzangu kuziweka chupa gizani na kwenye barafu. Hasira iliniondoa akili."

Alilia njia nzima. Alipofika nyumbani akaosha sufuria, na mfuniko ukabaki mkononi. Chupa inaweza kusingiziwa, akawaza, lakini sahani inayozama mbele ya watu wote nani ataibishia?

Jumamosi iliyofuata, siku yake ya mapumziko, alikwenda gatini. Habari zikamfikia meneja wa vizimba, naye akaja na viatu vyake vinavyong'aa.

"Mama, unatisha watu bure. Kijani ni rutuba. Vijimea ndivyo chakula cha samaki."

"Kweli kabisa, baba. Hata uji ni chakula. Hebu lala usiku kucha na pua ndani ya sufuria ya uji, asubuhi uniambie."

Gati zima liliangua kicheko. Lakini hakuwa akitania. Vijimea vichache hulisha ziwa, na bila hivyo hakuna samaki. Vikizidi, kwa kurutubishwa na mabaki ya vizimbani, hufa na kuoza, na uozo huo huila hewa iliyomo majini. Mara mbili mwaka huu samaki wameelea ghubani alfajiri, matumbo juu.

Msimamizi wake amemwonya kwamba mkataba huenda usiongezwe. Mama Sahani anasema anamheshimu, lakini kuacha hataacha.

"Mfuniko ni wangu, siku ni yangu, na ziwa halina geti."

Nyumbani kwake, mifuniko mingine mitatu inakaushwa rangi juu ya bati. Ni ya magati jirani, ambako akina mama wameomba wafundishwe. Mama mkwe wake ananung'unika mlangoni.

"Mwanangu, sasa sufuria zangu nitazifunika na nini?"

"Funika na sinia, mama. Bomba likisogezwa nitakununulia mifuniko mipya, na utaioshea maji yasiyonuka."

Mwezi ujao kamati ya maji itakutana kuamua ombi la mtaa. Wakazi wameiomba ifanyie kikao palepale gatini, saa sita mchana. Mama Sahani ameshachagua kamba mpya na kuifunga mafundo, nusu mita kwa nusu mita.

"Simtaki mwenyekiti aniamini mimi," anasema, akivuta fundo la mwisho kwa meno. "Namtaka apige magoti, aishike hii kamba, na yeye ndiye aseme imekwenda."