Adhana Iliyotangulia

Nagwa alipanda cheo kwa kutomwamini mtu. Alianza kwa kupokea simu za wenye friji mbovu, na sasa alikuwa mkuu wa wapokea simu wote wa kampuni ile ya Kairo. Visingizio vyote alishavisikia, vingine alivitumia mwenyewe.

Ndiyo maana Mamduh alimkosesha raha. Tangu aruhusiwe kufanyia kazi kwake, mtaa wa Shubra hapo hapo Kairo, alimaliza malalamiko mengi kuliko yeyote. Angekuwa mvivu, Nagwa angemwelewa. Lakini mtu akae nyumba moja na watoto, halafu kazi iongezeke? Hapo pana namna.

Na Jumapili meneja, Ustadh Hazim, angeamua kama wote wanaofanyia kazi nyumbani warudi ofisini. Nagwa ndiye aliyewapigania, akamtaja Mamduh kuwa mfano. Mfano ukioza, wanarudi wote, na yeye hasikilizwi tena.

Jioni moja ya Ramadhani alimpigia kutoka ofisini, tende mkononi, akisubiri jua lizame. Wakiwa katikati ya maneno, adhana ya magharibi ikasikika ndani ya simu. Nje ya dirisha lake, kimya.

"Mamduh, siku hizi Shubra mnafuturu kabla yetu?"

"Muadhini wetu ana njaa, Madam."

"Na yule wa msikiti wa pili? Namsikia naye."

Nagwa alikulia Port Said, mji wa bandari kaskazini-mashariki ya Kairo. Alijua jua la kule huwahi kuzama kwa dakika chache. Akahesabu dakika mpaka adhana ya Kairo ilipoanza.

"Uko Port Said. Na sharti ni ukae Kairo, tukikuita uje. Una kibarua kingine bandarini?"

"Wallahi sina. Tumehamia kwa mama mkwe. Yeye anashika watoto, mimi najifungia chumbani."

"Kila mwongo ana mama mkwe. Mpe simu."

Ikaja sauti nzito ya kike. "Nani wewe?"

"Bosi wake, Hajat. Huyu mkweo anafanya kazi kweli?"

"Tangu aje naujua mgongo wake tu. Supu inapoa, yeye anabishana na watu habari za friji. Mwiteni huko kwenu, mwanangu, nipate chumba changu."

Nagwa nusura acheke. Bibi anaweza kufundishwa la kusema. Lakini wateja wa Mamduh, Nagwa alishawapigia mwenyewe, na friji zao zilikuwa zinagandisha.

Mamduh akarudi kwenye simu. "Utamwambia Ustadh Hazim?"

"Nitamwambia. Asikie kwangu, si kwa mbea. Nitamwambia pia kazi imeongezeka ulipopata wa kukushikia watoto, na sharti la Kairo halina faida. Wewe utashika zamu ya futari mpaka Idi."

"Hiyo hakuna anayeitaka, Madam."

"Ndiyo maana unapewa."

"Basi nusu ya mwezi."

"Mpaka Idi. Au panda basi sasa hivi."

Mamduh akashusha pumzi. "Mpaka Idi."

Jumapili Ustadh Hazim alinung'unika, kisha akakubali wabaki majumbani, kwa dhamana ya Nagwa. Jioni hiyo hiyo, saa ya kufuturu, Nagwa aliazima simu ya jirani, akabana pua na kulalamika kwamba friji yake inavuja. Mamduh alipokea mara moja, akamhudumia vizuri.

Nagwa akakata, akatafuta simu ya jirani mwingine.