Kasha la E na Njaa ya A

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa kaptula ya shule, maana nyingine sikuwa nayo. Sasa nimestaafu. Nina miaka kumi na mitano, na nawaandikia nyinyi wa darasa la sita mjue kazi ilivyokuwa enzi zetu, yaani likizo iliyopita.

Kiwanda kilikuwa chumba kimoja cha kupiga chapa, mtaa wa Gerezani. Msimamizi wa herufi, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, alinionyesha kasha: sanduku pana lenye vyumba vidogo, kila chumba na herufi yake ya risasi. Chumba cha e kilikuwa kama sahani ya pilau. Cha k hata kijiko hakiingii.

"Shikamoo, mzee. Mbona e amependelewa?"

"Marahaba. Kasha limetoka Uingereza. Kiingereza kinakula e kama wewe unavyokula mihogo."

"Na sisi tunakula nini?"

"A. Na hatushibi."

Sikuelewa. Herufi zenyewe zimegeuzwa, unazipanga kinyumenyume. Nikitoka jioni hata vibao vya maduka ya Kariakoo vilinishinda kusoma. Nikiwa katika hali hiyo, nikapandishwa cheo kutoka idara ya kufagia kwenda idara ya kupanga, upande wa pili wa meza ileile.

Ndipo Katibu Kata akaleta tangazo la mkutano. Meneja wa kiwanda akamwambia Msimamizi mbele yangu: "Likichelewa kesho asubuhi, kazi zote za Kiswahili nakipa kiwanda cha jirani. Wewe utafunga vifurushi."

Tukaanza: "Wananchi wa kata hii mnatangaziwa na mnatakiwa kuhudhuria mkutano wa hadhara..." Kabla ya kumaliza "hadhara", chumba cha a kikabaki vumbi. E zimejaa, zinatutazama tu.

"Tuweke e, mzee. Watu watajua."

"Wenenchi? Unataka tulale ndani? Kaazime kwa jirani!"

Nilikutana na mtu wa jirani njiani, anakuja kwetu, kopo tupu mkononi. Naye alitaka a.

Nikarudi, nikamkuta Katibu amekuja kukagua. Msimamizi alikuwa anapangusa jasho kwenye miwani. Nikasema, "Ndugu Katibu, tuandike: Ndugu zetu, njooni nyote Mnazi Mmoja."

"Hii amri au mwaliko wa chai?"

"Amri imeishiwa herufi, ndugu."

Msimamizi akafumba macho. Katibu akausoma mstari ule mara mbili, akauliza jina lake litaingia wapi. Tukampa pembe ya chini, jina moja tu, vyeo tukaviacha. Akanuna, akakubali. Kulipokucha karatasi zilikuwa zimekauka.

Watu walijaa. Mpaka leo sijui kama ni kwa maneno yetu au kwa ngoma iliyopigwa mwanzoni. Katibu anasema ni kwa sababu yake. Msimamizi alibaki kwenye kasha lake, na Meneja, kwa furaha, akaagiza a zaidi kutoka Uingereza.

Zilifika siku yangu ya mwisho. Tukafungua kreti: a kidogo, na e tele.

"Mzee, si tuliagiza a?"

"Wanauza kwa seti. Ukitaka a zako, unabeba na e zao."

Nimestaafu bila kuelewa biashara hiyo. Mkipita Gerezani, mlango wa choo cha kile kiwanda hauna komeo. Umezuiwa na pakiti nne za e, na haufunguki hata kwa upepo.