Majivu Migombani kwa Mkwe

Nichekeni sasa hivi, tumalizane. Nilikuwa mwalimu wa hesabu kule Masoko, miaka ile biashara huria ilipojaza mifuko ya nailoni madukani Tukuyu. Nikawaeleza wanafunzi kwamba nailoni ni mnyororo mrefu mno wa chembe zilizoshikana, na wataalamu hukisia unavyojikunja kwa kuchora njia isiyopita mahali pamoja mara mbili.

Hawakuelewa. Basi nikawapeleka migombani kwa baba mkwe, baba wa mume wangu, nikijua ameenda gulioni. Sharti lilikuwa hili: natoka mgomba mmoja kwenda wa jirani, namwaga majivu kila nilipopita, wala sirudi penye majivu.

"Mwenye akili hakwami," nikatamba.

Nilipofika mgomba wa ishirini hivi, nikamwona baba mkwe huyo anakuja. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe, lazima achepuke. Lakini kulia kulikuwa na majivu, kushoto majivu, nyuma majivu, na mbele mkwe. Nikiyakanyaga, darasa zima litanicheka. Nisipoyakanyaga, nimevunja mila. Nikajifunika kanga usoni, nikasimama kama mgomba.

Mzee akageukia pembeni, akasema na wanafunzi, maana na mimi haongei.

"Mwambieni mwalimu wenu, mimi na yeye tumekwepana miaka sita bila shida, wala hatujawahi kuhitaji majivu. Leo ameanza kujikwepa mwenyewe, ndiyo maana amekwama."