Miguu Iliyoacha Kuuma

Ndugu zangu wa jumuiya, nimevua viatu makusudi. Hesabuni vidole vyangu. Vimebaki saba.

Zamani nilikuwa mzima kama ninyi. Mimi na kaka yangu Aloisi tulilima kahawa hapa Marangu. Bei ilipoporomoka tukaenda mlimani kubeba mizigo ya watalii. Viatu vyetu vilikuwa raba za mitumba.

Siku ya tatu mvua ilitulowesha chapachapa, halafu ikageuka theluji. Asubuhi miguu yangu iliwaka kama imepakwa pilipili. Nililia, mtu mzima mimi, kamasi zikanitoka. Kaka akanicheka.

"Wewe deka tu. Yangu imeshaacha kuuma."

Nikamwambia, "Bahati yako, kaka."

Akabeba mzigo wake na nusu ya wangu, akapanda. Mimi nikarudishwa chini. Kesho yake wakamteremsha kwa machela. Miguu yake ilikuwa migumu kama kuni, baadaye ikawa myeusi, ikanuka. Hospitalini waliikata yote miwili, lakini sumu ilikwisha kuingia kwenye damu. Alizikwa huku nyumbani, mgombani. Mimi sikuwepo, nilikuwa wodini nakatwa vidole.

Daktari alinieleza taratibu. "Kwenye ncha za neva kuna vijilango vidogo mno. Baridi kali ikivifungua, habari ya maumivu inakimbia mpaka kwenye ubongo. Baadhi ya hivyo hivyo hufunguliwa pia na vitu vinavyochoma, kama haradali au moshi mkali, ndiyo maana baridi yako ilichoma. Neva ikiganda, habari haifiki. Kaka yako hakuwa amepata nafuu. Miguu yake ilikuwa inakufa."

Mama alipokuja kuniona aliuliza jambo moja tu. "Mwanangu, Aloisi aliumia sana kule juu?"

"Hapana, mama. Hakuumia."

Akamshukuru Mungu. Miaka yote hii anashukuru hivyo kwenye sala, nami naitikia amina.

Vidonda vyangu vilifunga. Hadi leo nikikanyaga maji baridi ya mfereji miguu inachoma, natokwa na machozi, na ninashukuru. Vijana mnaopanda, mguu ukiuma semeni. Ukiacha kuuma kabla haujapata joto, pigeni kelele mrudishwe.

Mama, najua unanisikia hapo ulipokaa. Nisamehe. Ni kweli Aloisi hakuumia, na mimi nilimpongeza.