Ukuta wa Marehemu Krautmann

Joosep alikuwa mchoraji wa kila kitu. Mjini Võru, kule Estonia, ukitaka kibao cha duka la dawa ulimwita yeye. Ukitaka ng'ombe wako achorwe kabla ya kuchinjwa, yeye huyo huyo. Alichora uyoga, vinu vya upepo, mchungaji wa kanisa mwenye sikio moja kubwa kuliko jingine (ndivyo lilivyokuwa), na bahari aliyoiona mara moja tu, tena kwa mbali. Mama yake, Leenu, mwenye miaka themanini na mitatu, hakuwahi kuiita hiyo kazi. "Rangi ni ya milango," alisema. Naye Joosep, mtu mzima wa miaka hamsini, alitaka jambo moja tu kabla ajuza huyo hajafumba macho: asimame mbele ya picha zake, aseme zimependeza.

Kisha ukaja mwaka wa kubadili majina. Serikali iliwahimiza watu wavue majina ya Kijerumani wavae ya Kiestonia, na Joosep Krautmann akawa Joosep Kapsamaa, kabichi kwa kabichi, maana majina yote mawili yana kabichi ndani yake. Leenu aligoma. Alikwisha kubatizwa, alisema, na maji yalikuwa baridi.

Mwezi wa Oktoba waamuzi wa sanaa wakaja kutoka mji wa Tartu kuandaa maonyesho ya picha. Mwenye picha kumi ndiye angepewa ukuta. Picha kumi na nne za Joosep zilikuwa na sahihi ya J. Krautmann, na tatu za karibuni, ya J. Kapsamaa.

"Wewe Kapsamaa una tatu," alisema Bwana Reemet, mkuu wao. "Na hizo tatu umemwibia Krautmann mchana kweupe."

"Krautmann ni mimi, bwana."

"Krautmann hayupo tena. Gazeti la serikali limetangaza. Au unabishana na serikali?"

"Sasa picha zake je?"

"Atapata ukuta mzima, maskini. Marehemu naye ana haki zake."

Joosep akakubali. Ukuta ni ukuta. Akazitundika mwenyewe zote kumi na nne, akawasha mshumaa chini ya kibao walichomwandikia: MAREHEMU J. KRAUTMANN.

Jumapili akamleta mama yake. Leenu akakisoma kibao herufi kwa herufi. Mumewe aliyezikwa zamani aliitwa Jaagup.

"Jaagup wangu! Miaka thelathini namtukana mtu wa watu, nikidhani anakwenda ghalani kulewa! Kumbe anachora!"

Jaagup alikuwa akienda ghalani kulewa. Võru nzima ilijua.

"Mama, hizi..."

"Hebu nyamaza, nimtazame baba yako! Ona ng'ombe wetu Maasik, hata pembe iliyovunjika hakuisahau. Zimependeza, Jaagup. Zimependeza mno!"

Neno lenyewe ndilo hilo, limetoka, na limempita. Joosep aliumia. Lakini hakuwahi kumwona mama yake akilitaja jina la baba yake huku akitabasamu.

Leenu akamgeukia, akalowesha kidole kwa mate, akamfuta rangi shavuni. "Na wewe, ungefuata nyayo za baba yako, leo ungekuwa mtu."

"Ndiyo, mama," akasema Joosep, akausogeza mshumaa ili mama aone vizuri.