Kipande cha Chuma Jikoni kwa Nyanya

Mwezi uliopita tulihamisha vitu vya marehemu nyanya kutoka nyumbani kwake Kisumu Ndogo, Malindi, na jiko nikaachiwa mimi. Nilifunga mbuzi ya kukunia nazi, nikafunga kifumbu cha kuchujia tui na sufuria zilizopinda mdomo. Juu ya kifuniko cha sufuria ya wali nikakikuta kipande changu cha chuma, kile kinachoenea kiganjani. Nilikaa palepale sakafuni. Wewe hukijui kipande hicho, basi ngoja nikusimulie.

Nilipomaliza kidato cha nne, wenzangu wengi walitaka ualimu au uuguzi. Mimi nikajiandikisha uhandisi wa mitambo katika chuo cha ufundi pale mjini. Darasani tulikuwa wasichana wawili tu. Nyanya, ambaye ndiye aliyenilea, hakufurahi hata chembe.

"Mjukuu wangu anuke grisi kama gari bovu?" aliuliza, na hakuwa akitania.

Mwishowe tukapatana. Nikifaulu jaribio la muhula wa kwanza, nitaendelea. Nikianguka, nitakwenda kujifunza ushonaji kwa jirani yetu, fundi cherehani, ambaye alikwisha kuniwekea kiti karibu na dirisha. Kila nilipopita alinionyesha kile kiti na kucheka, nami nilikichukia kiti cha watu bila kosa lake.

Nilidhani tutaanza na injini. Wapi! Muhula mzima tulipewa tupa na kipande cha chuma kilichokatwa ovyo, tukisugue mpaka kila pembe iwe sawa. Karakana ilikuwa ya mabati, na jua likipanda, mkwaruzo wa tupa zote kwa pamoja ulinitia usingizi nikiwa nimesimama. Wakati wa mapumziko tulikimbilia viazi karai vya mama aliyeuza langoni, tukavichovya kwenye ukwaju na vidole vyetu vyeusi. Mpaka leo nikionja ukwaju nahisi na ladha ya chuma.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa bara, mpole wa sauti na mgumu wa maksi. Alikuwa na guniya, ile pembe ya chuma ya kupimia, akiiegemeza kwenye kipande chako na kukiinua kuelekea dirishani. Mwanga ukipenya kati yake, hata kama uzi, anakurudishia.

"Hii bado. Rudi."

Tulimwigiza njia nzima ya kurudi nyumbani. Hata chapati isiyoiva tuliiambia hivyo hivyo.

Adui yetu hasa alikuwa kutu. Kwa ule upepo wa chumvi, chuma ukikilaza kikavu huamka kimekuwa chekundu. Kopo la grisi la karakana lilipoisha, kila mmoja alipaka mafuta ya nazi ya kwao. Jaribio lilikuwa Jumatatu, na Ijumaa nikaenda na kipande changu nyumbani, si kwa kazi yoyote, ila nilikuwa nimekipenda na sikutaka kukiacha peke yake. Nyanya mwenyewe akanipa mafuta yake mapya. Nilifurahi mno. Nikakipaka, nikakifunga kwa kitambaa na kukiweka kabatini.

Jumapili jioni nilipokifungua, kutu ilikuwa imekila pande zote. Nililia kwa sauti. Nyanya akaitwaa ile chupa ya mafuta, akaiinua kwenye taa, na chini yake tukaona maji ya tui yametuama. Alikuwa ameyaepua mafuta mapema, yakiwa bado yanatatarika kwa maji, kwa sababu yakiiva sana hupoteza harufu anayoipenda kwa nywele zake.

"Mama, usidhani nilikusudia," Nyanya aliniambia. "Kazi hiyo sikuitaka, kweli. Lakini kukuharibia, hapana."

Wazo hilo halikuwa limenijia hata kidogo. Nikamwambia, "Hawe, najua," kwa jina nililozoea kumwita nyanya, nikamkumbatia. Alishika mbuzi, akakuna nazi, akabandika tui jikoni, na safari hii hakuepua mpaka mafuta yakanyamaza kabisa.

Asubuhi niliwahi karakana, nikasugua kutu yote mpaka mabega yakawaka moto, kisha nikakipaka yale mafuta ya usiku. Mwalimu alikipima.

"Imepungua," alisema, na moyo wangu ukakiona kile kiti cha dirishani. Akakiinua kwenye mwanga, akakaa nacho. "Lakini imenyooka. Umepita. Kidogo tu, lakini umepita."

Nyanya hakusema hongera. Alikiomba kile kipande kiwe cha kukandamizia kifuniko chake cha wali, na habari ya ushonaji ikaishia hapo.

Siku hizi mimi ni fundi wa mitambo ya maziwa Mariakani. Chuoni kwetu wamejenga upya na mashine ndizo zinazosugua. Nilipopita pale sikusikia tupa hata moja. Mwalimu alirudi kwao bara. Na siku ile niliyokikuta jikoni kwa nyanya, kipande changu, baada ya miaka yote hiyo ya mvuke na chumvi, hakikuwa na doa. Jirani yetu, yule fundi cherehani, aliyekuwa akitusaidia kufunga vitu, akaniona ninavyokigeuzageuza.

"Alikuwa akikipaka mafuta kila Ijumaa," alisema. "Hata alipokuwa hawezi kuinuka, alinituma mimi."

Nimekiweka jikoni kwangu. Jana nilikiona kimeanza wekundu pembeni. Nikanunua nazi, nikakuna, nikabandika tui, nikasimama pale nikisikiliza mpaka mafuta yaliponyamaza.