Ndevu za Babu

Mama alinipigia simu nikiwa kwenye cherehani yangu Singida mjini, na kabla hajamaliza maneno nilikuwa nimeshapandisha hasira. Babu, baba mzazi wa baba yangu, alikuwa hajaenda kanisani kwa Jumapili ya tatu mfululizo. Hakuwa mgonjwa. Mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka, akajikata shavuni mara mbili akinyoa ndevu, na baba akauchukua wembe wake akauficha. Tangu hapo babu alikuwa hatoki nje ya ua. Alisema hawezi kwenda kukaa viti vya mbele na wazee wenzake akiwa amefanana na beberu.

"Si mumpeleke kwa kinyozi?" nikauliza.

"Kapelekwa na bodaboda mpaka senta," mama akasema. "Kusikia mashine inanguruma tu, kageuza."

Nilimwelewa. Tangu ujana wake, alipokuwa kibarua wa reli Manyoni, babu alinyoa kwa wembe mmoja tu, ule wa kukunja, wenye mpini mweusi. Sikuwahi kumwona na ndevu hata siku moja. Nikafunga cherehani, nikawaambia wateja wangu wanivumilie wiki moja, nikapanda basi kwenda nyumbani, kijijini Mungaa.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuza uso kutoka ukutani. Niliumia sana. Nikamwambia baba alete wembe, nitamnyoa mimi. Baba akaniambia yeye mwenyewe alijitolea akafukuzwa. "Mtoto niliyemzaa anishike koo?" babu alimwambia. Lakini mjukuu ni mtani. Mimi ananiita mke wangu tangu sijaanza kutembea, na nimeshamwambia mengi ambayo baba hawezi kuyatamka mbele yake.

"Unajua kunyoa, mke wangu?" akauliza, bado anatazama ukuta.

"Kuna nini cha kujua, babu? Si kisu tu."

Mdomo wangu umeniponza maisha yote. Niliuchukua wembe nikaenda nyuma ya jiko, kwenye jiwe letu kubwa la kunolea mapanga, nikamwagia maji, nikaunoa kwa nguvu kama tunavyonoa kila chenye makali pale nyumbani. Nikamletea babu, najisikia fundi. Akaupitisha taratibu juu ya ukucha wa kidole gumba. Kisha akanitukana kwa Kinyaturu, maneno ambayo sikujua kama mzee wa kanisa anayo. Makali yote yalikuwa yameingia mapengo. Nililia, mtu mzima wa miaka thelathini na moja, kwa sababu nilijua hana wembe mwingine na hatakubali mwingine.

Alipoona machozi akapoa. Akanituma uvunguni mwa kitanda chake nitoe kijiwe laini kilichofungwa kitambaa, pamoja na mkanda mpana wa ngozi. Mkanda tukaupigilia kwenye mwimo wa mlango. Siku tatu nzima tulikaa pale mlangoni, yeye kwenye kigoda, mimi nimesimama, tunaurudishia makali ule wembe. Mikono yake ilitetemeka, ila maelekezo yake hayakutetemeka hata kidogo.

"Laza. Kwenye jiwe makali yanatangulia, kwenye mkanda mgongo unatangulia. Usikandamize! Unapaka mafuta, hulimi."

Nilisahau mara moja, nikatanguliza makali kwenye mkanda, nikauchana. Babu akacheka mpaka akakohoa. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu nifike, na nikaona afadhali mkanda uharibike.

Siku ya nne wembe ulipita ukuchani ukamridhisha. Nikadhani sasa nitapewa uso. Hapana. Akamwagiza mama achinje kuku, amnyonyoe, amlete na shingo yake.

"Nyoa huyo kwanza," akaniambia.

Shingo ya kuku ina ngozi legevu na vile vinyweleo vinavyobaki hata baada ya maji ya moto. Nikaipaka povu la sabuni. Babu akanifundisha kuvuta ngozi kwa mkono wa kushoto hadi ikakamae, ndipo wembe upite. Nilivuta kidogo, wembe ukazama.

"Umemchinja mara ya pili," babu akasema. "Kesho mwingine."

Kuku wa pili alitoka msafi, hana hata mkwaruzo. Mama aliyeyasikia yote kutoka jikoni aliuliza kama tunafundishana unyozi au tunamaliza kuku wake. Tukanywa mchuzi wa kuku wote wawili.

Jumamosi asubuhi babu alikaa upande wa nyumba usio na upepo. Nilimwekea usoni kitambaa cha maji ya moto, nikampaka povu, nikakunjua wembe. Mkono wangu ukaanza kutetemeka.

"Sasa tumelingana," akasema.

"Usinichekeshe, babu, nimeshika wembe."

Nilianza na mashavu, nikaja juu ya mdomo, kisha kidevu. Koo nililiacha mwisho kwa woga. Alinyanyua kichwa, akafumba macho, akaacha kumeza mate. Ilinichukua karibu saa nzima, na tone moja tu la damu chini ya sikio. Uso wake ulirudi kidogo kidogo, na mimi nikajua jinsi nilivyokuwa nimeukosa. Nikampaka mafuta polepole, zaidi ya ilivyohitajika.

Kesho yake alikaa kiti chake cha mbele. Ibada ilipoisha, mzee mmoja wa rika lake alimfuata uwanjani, akamkagua kidevu mbele ya watu wote.

"Kumbe mikono imepona! Au nani kakunyoa?"

Mimi nilikuwa pembeni yake. Vidole vyangu vitatu vilikuwa na plasta, nilivyojikata nikiunoa ule wembe, na mimi si mtu wa kukubali kazi yangu ipewe mwingine.

Babu akajinyoosha. "Nimejinyoa mwenyewe. Kwani lini mimi nimenyolewa?"

Jibu lilinifika mdomoni likiwa la moto. Ndipo nikauona mkono wake wa kulia. Alikuwa ameuzamisha ndani ya mfuko wa koti, na kitambaa cha koti kilikuwa kinatikisika. Akanigeukia, akanitazama.

"Shikamoo, babu," nikamwambia yule mzee. "Kajinyoa mwenyewe. Mimi nilimshikia kioo tu."